Mkono wangu haukupinda siku ya kuungua

Watu wengi wakiuona mkono wangu wa kushoto huuliza kama nilizaliwa nao hivi. Sikuzaliwa nao hivi. Nilizaliwa na mikono miwili mizima, na nilianza kupara samaki kwa mikono hiyo nikiwa bado binti mdogo pale Igombe, kabla sijahamia mjini. Mwaka 2018, mwezi wa nane, mafuta ya kukaangia yalinimwagikia nikiwa kwenye biashara yangu ya samaki Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Lakini hata siku hiyo mkono haukupinda. Siku hiyo uliungua tu. Kupinda ulipinda baadaye, taratibu, nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu, katika wiki sita ambazo kila mtu, nikiwemo mimi mwenyewe, alidhani napona.

Naandika kwa ajili ya wiki hizo sita.

Ilikuwa saa kumi jioni, wateja wameanza kuja. Jiko langu la mkaa lilikuwa na mguu mmoja mbovu ambao niliuwekea kipande cha tofali. Nilikuwa nageuza sato, jiko likainama, nami nikalidaka karai kwa mkono wa kushoto bila kufikiri. Mafuta yakapita juu ya mgongo wa mkono, kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kucha. Kiganja hakikuguswa. Wenzangu walikuja mbio, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine akavunja yai akanipaka ute. Nikapakwa vyote viwili. Ndoo ya maji safi ilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, na hakuna aliyeigusa.

Leo najua kwamba ndoo ile ndiyo iliyokuwa dawa. Mkono ulioungua unatakiwa umwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Si barafu, na si kuchovya mara moja na kutoa. Hata kama zimepita saa mbili au tatu tangu kuungua, maji bado yanasaidia. Dawa ya meno na yai vinaganda juu ya kidonda, vinaingiza uchafu, na mhudumu anayekupokea inabidi avikwangue kwanza ndipo aone umeungua kiasi gani. Nilikwanguliwa. Sitaki kusimulia yale maumivu.

Na pete. Mapema kabisa, vua pete na bangili, kwa sababu mkono utavimba. Pete yangu ya ndoa haikutoka tena. Usiku ule kidole cha pete kilikuwa kimegeuka rangi kama bilinganya, mume wangu akanipeleka kwa sonara anayeishi mtaa wa pili, tukamwamsha, akaikata kwa msumeno mdogo huku mtoto wake akimmulikia tochi ya simu.

Kwenye zahanati niliyoanzia walinisafisha vizuri, na kidonda changu hakikuoza. Kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Ila walinifunga bandeji vidole vyote kwa pamoja, kama mtu anavyofunga mzigo wa dagaa, wakaniambia, "Mama, upumzishe huo mkono, usiutumie kabisa." Nikatii. Nilitii kupita kiasi. Niliufunga kwa kanga shingoni, nikaupakata kama mtoto mchanga. Kifundo cha mkono nilikiacha kining'inie chini kwa sababu kikiwa hivyo maumivu yalipungua. Usiku nilikuwa nautafutia namna ya kulala usiume, na namna hiyo ilikuwa ile ile: kifundo chini, ncha za vidole zimejikunja kidogo, gumba limelala ubavuni.

Mkono ulioungua una mkao unaoupenda. Ndio mkao usiouma. Na mkao huo ndio ule ule utakaokuja kuwa kilema. Hakuna aliyeniambia jambo hilo, na mimi sikuwa na akili ya kuliuliza.

Wiki ya tatu kidonda kilikuwa bado kibichi. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kidonda cha moto kikipita wiki mbili au tatu bila kufunga, kovu lake karibu kila mara huwa nene na la kuvuta, na kwamba huo ndio wakati wa kwenda hospitali kubwa kuuliza kama kuna haja ya kuwekewa ngozi. Mimi niliendelea kubadilisha bandeji. Wiki ya sita kikafunga. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kisesa, akaushika mkono, akaugeuza huku na huku, akasema, "Mungu mkubwa, mayu, umepona." Tulichinja kuku.

Nakumbuka siku niliyojua kwamba sijapona. Nilikuwa nakula ugali kwa mkono wa kulia, nikataka kuishika bakuli ya mchuzi kwa wa kushoto. Vidole havikukunja kule vinakoanzia, kwenye vile vifundo vinavyotokeza ukikunja ngumi. Vifundo vilikuwa vimevutwa nyuma, vimelala bapa, hata vimebonyea. Wakati huo huo viungo vya katikati ya vidole vilikuwa vimekunjika na havinyooki. Yaani mahali panapotakiwa kukunja pamenyooka, na mahali panapotakiwa kunyooka pamekunja. Mkono ulikuwa kama mguu wa kuku. Ngozi kati ya kidole cha pete na cha mwisho ilikuwa imepanda juu, vidole viwili vimekaribia kuwa kimoja. Bakuli ikaanguka. Kulwa, mwanangu, alikuwa na miaka saba. Aliokota vipande bila kusema neno.

Baada ya hapo nilianza kuuficha. Nilijifunza kuuingiza mkono ndani ya kanga nikiwa kwenye daladala. Kwenye biashara ndipo palikuwa pagumu zaidi: huwezi kumpara sato kwa mkono mmoja. Lazima mkono mmoja umkamate kichwani, na huo mkono wangu wa kukamata haukukamata kitu. Nikamwajiri binti wa kunisaidia, faida ikaisha yote kwenye mshahara wake. Wako walioniambia nimerogwa na mtu wa meza ya jirani. Dada yule wa meza ya jirani ndiye aliyekuwa akiniwekea wateja wangu wasiondoke, kwa hiyo maneno hayo yaliniuma kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Kaka yangu mkubwa aliona dawa ni nguvu. Ni mvuvi, ana mikono kama makasia. Alinikalisha chini, akavishika vidole vyangu akavikunja kwa kishindo. Kitu kikalia ndani. Mkono ulivimba wiki nzima, na uvimbe ulipopungua vidole vilikuwa vigumu kuliko mwanzo. Alikuwa ananipenda, na alilia aliponiona. Lakini tafadhali, usimruhusu mtu yeyote avunje kovu kwa nguvu. Kinachochanika ndani hutoa damu, na mahali pa damu hiyo huota kovu jingine.

Mwezi wa pili mwaka 2019 nilipanda kule mlimani, hospitali ya Bugando. Tulikuwa tumekopa kwenye kikoba chetu. Daktari wa upasuaji aliutazama mkono kwa muda mfupi tu, akaandika, akanipeleka kwanza kwa dada mmoja wa fiziotherapia, tuliyekuwa tukimwita daktari wa mazoezi. Huyo ndiye alinifungua akili. Hakuanza na mkono. Aliniuliza, "Mama Kulwa, kwenu wanafuga?"

Nikamwambia babu yangu wa Magu alikuwa na ng'ombe wengi.

"Ng'ombe akichinjwa, ngozi mlikuwa mnaifanyaje?"

"Tunaiwamba chini kwa vigingi mpaka ikauke."

"Msipoiwamba?"

Sikumjibu. Nilikwisha kuelewa. Nilipokuwa mdogo kazi yetu watoto ilikuwa kukusanya vigingi, na tukikosea kimoja, asubuhi kona ile ya ngozi imejikunja kama jani kavu na huirudishi tena.

Akaniambia kidonda kinapofunga, ndani yake kuna chembe ambazo kazi yake ni kuzivuta kingo zikutane. Ndivyo mwili unavyoziba tundu. Zinafanya kazi nzuri, ila hazijui kwamba chini yake kuna kiungo kinachotakiwa kukunja na kukunjuka. Na haziachi kuvuta siku kidonda kinapofunga. Kovu huendelea kufanya kazi mwaka mzima, mwaka na nusu, wakati mwingine hata miwili, mpaka litulie, lilainike na rangi yake ipoe. Kwa hiyo siku ile tuliyochinja kuku, kovu langu ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Akaendelea. Mkono ukivimba, maji hujaa mgongoni mwa mkono kwa sababu ngozi ya hapo ni legevu. Uvimbe huo husukuma vifundo vinyooke. Pembeni mwa kila kifundo kuna nyuzi mbili zinazokishikilia. Kifundo kikiwa kimenyooka nyuzi hizo zinalegea, na kikikunjwa zinakaza. Zikiachwa zimelegea wiki nyingi, zinakuwa fupi. Siku utakapotaka kukunja, zinakataa. Ndiyo maana mkono uliovimba unatakiwa uinuliwe juu ya moyo, juu ya mito ukilala, na si kuning'inizwa kwenye kanga kama nilivyofanya mimi.

Nilimuuliza ni mkao gani basi nilitakiwa kuuweka. Akanionyesha kwa mkono wake: kifundo cha mkono kimeinuka nyuma kidogo, vidole vimekunja pale vinapoanzia lakini vyenyewe vimenyooka hadi ncha, gumba limekaa mbali mbele yake. Mdomo wa bata, kabisa. Watoto hufanya hivyo wakicheza na kivuli ukutani. Kibao chepesi cha plasta, bandeji, kila kidole kikiwa kimefungwa peke yake, basi. Kitu kidogo namna hiyo, cha wiki ya kwanza.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema, nililala. Walilikata kovu, wakaviachia vifundo vikunje, wakavinyoosha vidole na kuvishikilia kwa nyaya nyembamba, wakatenganisha kile cha pete na cha mwisho, wakaweka ngozi waliyoitoa pajani. Nyaya zilitolewa baada ya wiki tatu. La kushangaza ni kwamba paja liliuma kuliko mkono, na hilo wengine tuliolazwa pamoja walisema hivyo hivyo.

Nilidhani upasuaji ndio mwisho. Daktari wa mazoezi aliponikuta natabasamu kitandani alinikazia macho: "Ngozi mpya nayo hujikunja, mama. Sasa ndiyo kazi inaanza, na kazi ni yako." Nikarudi nyumbani na banzi la plasta lililokatwa nusu, la kuvaa kila usiku, na daftari la Kulwa la shule ambalo yeye mwenyewe alilichora mistari ya kuhesabia mazoezi.

Mazoezi hayakuwa magumu. Ugumu wake ni kwamba yalikuwa kila siku. Kila saa nikiwa macho: kunja vifundo mara kumi, nyoosha viungo vya katikati mara kumi, gumba liguse kila kidole kwa zamu. Kusugua kovu kwa mafuta mara nne au tano kwa siku. Nilitumia mafuta ya nazi. Alisema hata Vaseline inafaa, kwa sababu ngozi iliyopandikizwa haina mafuta yake, inakauka na kupasuka. Unasugua kwa kidole gumba, kwa miduara, unakandamiza mpaka kovu lipauke, kisha unavuta taratibu kiungo mpaka uone ngozi imeanza kuwa nyeupe, unakaa hapo unahesabu hadi 20 au 30, unaachia. Ukisikia kuvutwa ni sawa. Ukisikia kuchanwa umepita. Kama mkono umevimba kesho yake, ulizidisha, punguza.

Jua nalo lilikuwa adui. Kovu changa likipigwa na jua huwa jeusi, na ngozi yake huungua haraka. Nikawa nauza samaki nikiwa na soksi ya mkono. Baadaye fundi cherehani wa Pasiansi alinishonea glavu ya kubana kutoka kwenye skintaiti mbili, kwa vipimo alivyoandikiwa na daktari, vidole wazi nchani ili nione kama kucha zinabadilika rangi. Glavu hiyo ya kubana inalituliza kovu lisinyanyuke, lakini inataka kuvaliwa karibu siku nzima, saa 23, unavua kwa kuoga na kusugua tu. Nilivaa miezi kumi na moja. Nilizimaliza tatu.

Usiku kulikuwa na mwasho. Hakuna anayekuonya kuhusu mwasho. Kuna usiku nilikaa barazani mpaka alfajiri nikiupigapiga mkono kwa kitambaa cha maji, nikitazama taa za wavuvi wa dagaa huko ziwani zimejipanga kama mji mwingine, nikilia kwa hasira. Mwasho unapungua kovu linapokomaa. Kupakwa mafuta, kubanwa na maji ya baridi vinasaidia, na kuna vidonge unaweza kuandikiwa.

Kwenye benchi la chumba kile cha mazoezi nilikaa na watu ambao mikono yao ilipinda kwa njia nyingine kabisa, na wao walinifundisha kiasi kile kile alichonifundisha daktari.

Alikuwepo mama kijana kutoka upande wa Sengerema. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi halijajengwa, kila kliniki ilikuwa ni kivuko, foleni, na mtoto mgongoni. Bintiye wa miaka miwili aliegemea jiko la mkaa kwa kiganja wakati akijifunza kutembea. Kidonda kilifunga na ngumi ikafunga nacho. Vidole vitatu vilikuwa vimeshikana na kiganja, huwezi kupenyeza hata njiti ya kiberiti, na ndani ya mikunjo palikuwa panatoa harufu kwa sababu hapaoshiki. Mama huyu aliponiona nimefungwa mdomo wa bata, alirudi nyumbani akamfunga mwanawe hivyo hivyo. Wiki iliyofuata daktari alimsahihisha kwa upole sana. Kwa huyu mtoto ilikuwa kinyume: mafuta yangu yaliunguza mgongo wa mkono, ndiyo maana vifundo vyangu vikunjwe, mtoto aliungua kiganja, kwa hiyo kiganja kifunguliwe wazi kabisa, vidole vyote vimenyooka na kutanuliwa, kama mtu anayesukuma ukuta. Ngozi iliyoungua huvuta upande wake, na wewe unavuta upande wa pili. Hakuna mkao mmoja wa mikono yote, na hilo ndilo linanifanya nimwambie kila mtu aende akaonyeshwe, asiige ya jirani.

Walimwambia pia jambo lililomliza: mtoto anakua, kovu halikui. Anaweza kufanyiwa upasuaji vizuri leo na baada ya miaka michache mkono ukaanza tena kujikunja, si kwa sababu mama alikosea, ila kwa sababu mifupa imerefuka na kovu limebaki lilivyo.

Alikuwepo pia mzee wa Ukerewe aliyekuja kwa meli kutoka Nansio. Vidole vyake viwili vya mwisho, mikono yote miwili, vilikuwa vimekunja kama kulabu. Alipokaa, watu wawili walihama benchi. Nami nakiri nilivuta kanga yangu. Aliona, akanisalimia yeye kwanza, nikaona aibu, nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akasema bila kuulizwa, "Ni ukoma, binti. Dawa nilimaliza zamani. Siambukizi mtu." Na ni kweli: ukoma unatibika kwa mchanganyiko wa dawa unaotolewa bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena. Ila ugonjwa ukichelewa kutambuliwa unakula mishipa ya fahamu. Ule unaopita nyuma ya kiwiko, tunaougonga ukutani tukaruka, ndio unaoilisha nguvu misuli midogo ya mkono. Ukifa, vidole vya mwisho hujikunja na upande huo hausikii kitu.

Kila jioni, alisema, mzee huyo huwasha taa na kukagua mikono yake kidole kwa kidole, kwa sababu anaweza kushika sufuria ya moto akajua kwa harufu tu. Hushika kikombe cha chai kwa kitambaa. Mpini wa jembe lake ameufunga mpira wa baiskeli. Alinitazama nikikunja uso kwenye mazoezi, akaniambia, "Wewe shukuru unaumia. Maumivu yako ni askari. Mimi wangu amekufa, nalinda mwenyewe."

Nilipomweleza daktari wa mazoezi maneno hayo, ndipo aliponitajia Paul Brand, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Watu waliamini ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Yeye akaonyesha kwamba vidole vingi vilipotea kwa majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia, na akawa anahamisha kano kutoka kwenye misuli iliyobaki hai ili kunyoosha vidole vilivyojikunja. Mzee wetu alikuwa anasubiri upasuaji wa namna hiyo. Kwanza ilibidi afanye mazoezi miezi kadhaa ili viungo vilainike, maana kano haiwezi kunyoosha kidole kilichokwisha kukakamaa.

Anayenisumbua moyo mpaka leo ni kijana wa miaka 11, wa kutoka kisiwani, aliyeanguka kwenye mwembe akavunjika mkono chini kidogo ya kiwiko. Alifungwa kwa vijiti na kamba, zikakazwa sana. Alilia usiku kucha, wakamwambia mwanaume halii. Vidole vilivimba, vikapoa, vikafa ganzi, na mtu akijaribu kuvinyoosha anapiga kelele. Zote hizo zilikuwa dalili kwamba damu haipiti kwenye misuli. Kufungua zile kamba na kumkimbiza hospitali kulikuwa kazi ya saa chache, na baada ya hapo misuli huanza kufa isirudi. Alipofika yeye zilikuwa zimepita siku nne. Nilipomwona mimi ulikuwa mwaka wa pili, mkono umekauka, kifundo cha mkono kimekunja, vidole vimekunja, kama mtu anayeficha sarafu. Yanaweza kutokea hata kwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, likibana, kwa hiyo si suala la mganga au daktari. Mtoto aliyefungwa mkono akilia kwa maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usimnyamazishe. Angalia vidole vyake, na umrudishe usiku huo huo.

Wengine nawapita haraka. Bibi wa Nyakato mwenye baridi yabisi, vidole vyake vimelalia upande wa kidole cha mwisho kama nyasi zilizopigwa na upepo. Alianza dawa baada ya miaka mingi ya kuambiwa ni uzee, kumbe uzee hauvimbishi vifundo vya mikono yote miwili kila asubuhi. Alifundishwa kufungua mfuniko kwa kiganja badala ya vidole. Na golikipa mmoja ambaye mpira ulimpiga nchani mwa kidole, ncha ikainama isinyanyuke. Kibanzi kidogo wiki 6 mpaka 8, kidole kimenyooka usiku na mchana. Ukikiacha kiiname hata mara moja wakati wa kuoga, unaanza kuhesabu upya. Alianza upya mara mbili.

Mkono wangu leo unakamata sato. Ngumi haifungi yote, inabaki nafasi ya kidole kimoja kati ya ncha na kiganja, na kidole cha mwisho hakitanyooka tena; daktari aliniambia wazi, na sijamlalamikia. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikianza, unakakamaa asubuhi, nauloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kwenda sokoni. Jiko langu sasa ni la chuma, lina miguu minne. Chini ya meza nina dumu la maji lenye bomba, na wenzangu wote pale wanajua ni la nini. Limefunguliwa mara tatu tangu niliweke. Mara zote tatu nimekaa na aliyeungua, nimehesabu dakika 20 kwa simu, nimemvua pete, nimempeleka hospitali nikamwambia muuguzi mbele yake: tafadhali, funga kila kidole peke yake, na utuambie mkao.

Mama wa Sengerema huwa tunapigiana simu. Bintiye alifanyiwa upasuaji wa pili mwaka 2023, kama walivyoambiwa. Mwaka jana walikuja kliniki wakipita juu ya daraja jipya, lile la kilomita 3 lililofunguliwa mwezi wa sita, na mtoto alihesabu nguzo za taa mpaka zikamshinda. Walipitia kwangu Kirumba. Wakati huo alikuwa na miaka minane, yuko darasa la pili. Nilimkaangia sato, nikakaa naye mezani, nikamwomba anionyeshe mkono. Aliukunjua taratibu, vidole vitano, akauweka juu ya kiganja changu kuona wa nani ni mkubwa.